Mate Yamekauka, Mbuzi Bado Anatetemeka: Majibu kwa Maswali Yenu Kuhusu Dawa na Tezi za Wanyama

Barua za safari hii zimetoka zizini, darasani na maabara, lakini karibu zote zinazunguka jambo moja: dawa inayokalia kipokezi cha seli ya tezi inafanya nini, na kwa nini wakati mwingine haifanyi tulichotarajia. Tuelewane kwanza. Neva haigusi seli ya tezi. Inamwaga kemikali yake jirani na seli, mara nyingi asetilikolini au noradrenalini. Kwenye utando wa seli kuna protini inayoinasa kemikali hiyo, na hiyo ndiyo kipokezi. Kinachokishika kipokezi na kukiwasha tunakiita kichocheo. Kinachokikalia bila kukiwasha, kichocheo kikakosa nafasi, tunakiita kizibo. Vipimo vya dawa tunavyovitaja ni vya kujadiliana na daktari wa mifugo, si vya kujidungia mwenyewe.

Nilipulizia mbuzi dawa ya kupe ya kundi la oganofosfeti bila kupima vizuri. Jioni mmoja wa kilo 30 alianza kutoa mate na machozi, kuhara na kuhema kwa shida. Mtaalamu wa mifugo alimdunga atropini mililita 1. Mate yalipungua kama nusu saa, yakarudi. Misuli ilikuwa ikichezacheza muda wote, na usiku akafa. Je, atropini ilikuwa feki? — Mfugaji, Dodoma

Pole sana, ndugu mfugaji. Kwa maelezo yako hatuoni sababu ya kuishuku dawa. Tunaona kipimo kidogo mno, na pia kazi ambayo atropini haiwezi kuifanya hata ikiwa bora kiasi gani.

Oganofosfeti, mfano klofenvinfosi, diazinoni au klopirifosi, haigusi kipokezi. Inaua kimeng'enya kinachovunja asetilikolini. Kwa kawaida asetilikolini ikishafikisha ujumbe huvunjwa papo hapo. Kimeng'enya kikifa, inarundikana. Kwenye tezi ya mate inavikalia vipokezi vyake vya kundi linaloitwa muskarini, hasa aina ya M3. Kalisi inapanda ndani ya seli, milango ya kloridi inafunguka, na maji yanaifuata chumvi kwenda nje. Tezi za machozi na za njia ya hewa zinafanya vilevile. Kinachoua haraka ni huo ute wa mapafuni pamoja na kubanwa kwa njia ya hewa: mnyama anazama katika majimaji yake mwenyewe.

Atropini ni kizibo cha vipokezi vya muskarini. Haiipunguzi asetilikolini hata tone. Inagombea nayo kipokezi kilekile kama abiria wa asubuhi wanavyogombea kiti cha daladala, na upande uliojaa zaidi mlangoni ndio unaokaa. Ndiyo maana kipimo cha sumu hakifanani na kile cha kukausha mate kabla ya upasuaji. Mbwa anayeandaliwa kwa upasuaji anatosheka na miligramu 0.02 hadi 0.04 kwa kila kilo. Ng'ombe, kondoo au mbuzi mwenye sumu hii anahitaji miligramu 0.6 hadi 1 kwa kilo: theluthi moja mshipani, iliyobaki kwenye misuli au chini ya ngozi, na kurudiwa kadiri hali inavyodai.

Sasa pigeni hesabu. Kilo 30 mara 0.6 ni miligramu 18. Ampuli nyingi zina miligramu 1 kwa mililita, kwa hiyo zilitakiwa mililita 18: 6 mshipani polepole, 12 chini ya ngozi. Mbuzi wako alipata mililita 1, yaani miligramu 0.03 kwa kilo. Hicho ni kipimo cha mbwa anayesubiri upasuaji. Wanyama wanaocheua nao huimaliza atropini mwilini haraka, ndiyo maana nafuu yako ilikuwa ya nusu saa. Kwa ng'ombe wa kilo 250 hesabu inafika mililita 150, na hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu duka zima la dawa za mifugo linaweza kuwa na ampuli kumi tu. Penye josho la oganofosfeti, akiba ya atropini iwekwe kabla ya siku ya kuogesha, si baada.

Kipimo kinafuatiliwa kwa kifua na moyo. Sikiliza mapafu: mikoromo ya maji ikiisha, mapigo ya moyo yakapanda na mate yakakauka, simama hapo. Usiongozwe na mboni ya jicho, maana inaweza kubaki ndogo wakati kifua kimeshakauka. Ukipitiliza, tumbo linasimama, mnyama anavimba kwa gesi, anapata joto na kuhangaika. Rumeni, yaani tumbo kubwa la mnyama anayecheua, ikisimama nayo inaua.

Halafu kuna ile misuli iliyokuwa ikichezacheza. Misuli ya mwili inatumia vipokezi vya nikotini, kundi jingine la vipokezi vya asetilikolini, na atropini haivikalii hivyo kwa kipimo chochote cha matibabu. Mate yanaweza kukauka kabisa huku misuli ya kupumua ikiendelea kuchoka hadi ipooze. Dawa ya upande huo ni pralidoksimu, miligramu 20 hadi 50 kwa kilo, ambayo inaing'oa sumu kwenye kimeng'enya. Inafanya kazi mapema tu. Muda ukipita, sumu inajifunga kwenye kimeng'enya moja kwa moja na dawa inakuta mlango umepigwa misumari. Kama sumu ni ya kundi la kabameti, kimeng'enya hujiachilia chenyewe baada ya saa kadhaa, na kwa kawaida atropini peke yake inatosha.

Wakati daktari yuko njiani: vaa glavu, muoshe mnyama kwa sabuni na maji mengi, mpeleke penye kivuli na hewa. Bila kuoshwa, ngozi inaendelea kuingiza sumu huku wewe unadunga. Maziwa na nyama ya waliopona visiuzwe mpaka daktari aruhusu.

Mbwa wangu wa kilo 20 nilimwogesha dawa ya kupe ya ng'ombe yenye amitrazi. Alilegea, mapigo ya moyo yakawa ya polepole, tumbo likajaa. Jirani alisema "ni sumu ya dawa ya kupe, mpe atropini". Daktari alikataa, akapima sukari ikakutwa juu. Sukari inaingiaje hapa? — Msomaji, Nakuru

Daktari wako alikuwa sahihi, na jirani yako amefanya kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote: kudhani kila dawa ya kupe inaua kwa njia moja.

Amitrazi haigusi kimeng'enya cha asetilikolini. Yenyewe ni kichocheo cha vipokezi vya alfa-2, ambavyo kwa kawaida huwashwa na noradrenalini. Kwenye ubongo vikiwashwa mnyama anasinzia, moyo unapungua mwendo. Kwenye utumbo, mwendo unasimama. Na kwenye kongosho, seli za beta zinazotoa insulini zina vipokezi hivyohivyo. Alfa-2 ikiwaka juu ya seli ya beta, ujumbe wa ndani unaoitwa AMP ya mzunguko unashuka na insulini haitoki hata kama sukari imejaa kwenye damu. Zailazini, dawa ya usingizi ya ng'ombe, inafanya jambo lilelile. Ng'ombe aliyepewa zailazini anakojoa sana, na insulini iliyokwama pamoja na sukari iliyopanda ni sehemu ya maelezo yake.

Kwa hiyo msimdunge insulini. Kikalieni kipokezi kwa kizibo chake, sukari itashuka yenyewe. Vizibo ni yohimbini, miligramu 0.1 kwa kilo mshipani, au atipamezoli, miligramu 0.05 kwa kilo kwenye msuli. Atipamezoli ya miligramu 5 kwa mililita, kwa mbwa wa kilo 20, ni mililita 0.2 tu. Huisha mwilini kabla ya amitrazi, hivyo mbwa aliyeamka vizuri saa nane anaweza kulegea tena saa kumi na mbili. Abaki chini ya uangalizi, na dawa irudiwe.

Atropini hapa ingeharakisha moyo bila kuondoa chanzo, ikapandisha shinikizo la damu na kuzidi kuusimamisha utumbo uliokwisha kusimama.

Kuhusu vipimo vya kuogesha: chupa ya amitrazi asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita 1 ya maji, ambayo ni asilimia 0.025. Kifuniko cha chupa kikitumika kama kipimo, mara nyingi kinaingia mililita 10 au 20, na mchanganyiko unakuwa mara tano au kumi ya unaotakiwa. Tumia bomba la sindano kupimia. Na farasi asioshwe amitrazi kabisa. Utumbo wake mkubwa unaziba.

Sungura wa maabara yetu wanapewa atropini kabla ya ganzi. Baadhi wanakauka mate, wengine hawakauki hata tukirudia. Tatizo ni stoo yetu? — Fundi wa maabara, Morogoro

Stoo haina hatia. Baadhi ya sungura huzaliwa na kimeng'enya kwenye damu kinachovunja atropini kabla haijafika kwenye tezi. Ni urithi, ndiyo maana ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana. Badilisheni mtumie glaikopirolati, miligramu 0.01 hadi 0.02 kwa kilo. Nayo ni kizibo cha muskarini, lakini kimeng'enya hicho hakiiwezi, na kwa sababu ina chaji ya umeme haipenyi ubongoni kirahisi.

Kitabu kinasema atropini inazuia tezi ya mate kutoa mate neva ikichochewa. Mwanafunzi wangu ameuliza: mbona damu bado inaongezeka kwenye tezi? Nimekosa jibu. — Mwalimu wa biolojia, Tanga

Mwalimu, mwanafunzi huyo umtunze. Swali lake lina umri wa zaidi ya miaka 150.

Mwaka 1872 mwanafiziolojia Rudolf Heidenhain alichochea neva ya koda timpani ya mbwa, ile inayokwenda kwenye tezi iliyo chini ya taya. Bila dawa alipata mambo mawili: mate yakatiririka, na mishipa ya damu ikatanuka. Baada ya atropini, mate yalikata lakini mishipa iliendelea kutanuka. Neva ileile, tezi ileile, na dawa imezuia jambo moja ikaacha la pili.

Jibu lilichelewa hadi miaka ya 1980, watafiti walipofanya kazi na tezi ya paka. Ncha za neva zile humwaga asetilikolini pamoja na peptidi inayoitwa kwa kifupi VIP. Asetilikolini inazungumza na seli za tezi kupitia muskarini. VIP ina vipokezi vyake kwenye mishipa ya damu, na atropini haina umbo la kuvikalia. Neva ikichochewa kwa kasi kubwa VIP inatoka kwa wingi, kwa hiyo damu inaendelea kujaa kwenye tezi iliyokauka.

Darasani mwaonyeshe pia alichokifanya John Langley huko Cambridge mwaka 1878. Alimpa paka pilokapini, kichocheo cha muskarini, mate yakatoka. Akampa atropini, yakakata. Akaongeza pilokapini, yakarudi. Akaona kwamba matokeo yanategemea wingi wa kila moja na nguvu yake ya kushika, akaandika kwamba lazima kuna kitu kwenye ncha ya neva au seli ya tezi ambacho dawa zote mbili huungana nacho. Wazo la kipokezi lilianza hapo, kwenye mate ya paka, kabla neno lenyewe halijatumika.

Mbona farasi akipewa atropini jasho halikauki, wakati binadamu anakauka kabisa? — Mpanda farasi, Nairobi

Kwa sababu tezi ya jasho ya binadamu huamrishwa na asetilikolini kupitia muskarini, na ya farasi huamrishwa zaidi na adrenalini kupitia vipokezi vya beta-2. Punda naye yuko upande wa farasi. Kizibo cha beta, mfano propranololi, ndicho kinachopunguza jasho la farasi. Hiyo si ruhusa ya kumpa, hasa kabla ya mbio: anahitaji jasho hilo kupoza mwili.

Shikamooni. Ninafanya tasnifu kwa seli za kromafini (zinazotoa adrenalini) za tezi ya adrenali ya ng'ombe kutoka machinjioni. Nachochea kwa asetilikolini na kuzuia kwa atropini au heksametonia, dawa inayozuia vipokezi vya nikotini. Atropini inapunguza kidogo tu. Heksametonia inapunguza vizuri lakini matokeo yanabadilika kila siku, na mchoro wangu wa Schild, ule wa kupima nguvu ya kizibo, una mwinamo wa 0.6 badala ya 1. Nimekosea wapi? — Mwanafunzi wa uzamili, Kampala

Marahaba. Hujakosea sehemu moja, ila kuna mambo manne yamepandana, tuyachambue polepole.

La atropini ni sahihi, usilipiganie. Mwaka 1934 Feldberg, Minz na Tsudzimura walionyesha kwamba neva inayoingia kwenye kiini cha adrenali hutoa asetilikolini. Lakini seli za kromafini za ng'ombe huitikia hasa kwa vipokezi vya nikotini. Zina muskarini pia, inayopandisha kalisi kidogo ndani ya seli, ila haitoi adrenalini ya maana. Panya na nguruwe-guinea ni tofauti. Kwao muskarini inachangia, kwa hiyo usilinganishe namba zako na za makala yaliyotumia wanyama hao.

La pili ni asetilikolini yenyewe. Seli zako zina kimeng'enya cha kuivunja, kwa hiyo ulichokimimina sicho kinachofika kwenye kipokezi. Tumia kabakoli, kichocheo kinachofanana na asetilikolini lakini hakivunjwi upesi, au nikotini ya mikromola 10. Usiongeze dozi juu ya dozi kwenye kisima kimoja cha sahani ya seli. Vipokezi vya nikotini huchoka ndani ya sekunde chache vikishikwa mfululizo, na dozi ya nne utakayoona haifanyi kazi inaweza kuwa imekuta vipokezi vimelala. Kila kisima, dozi moja, halafu seli zile zitupwe.

La tatu ndilo linaloharibu mchoro wako. Mchoro wa Schild, ulioanzia kwenye kazi yake ya mwaka 1947, unakubali kizibo cha aina moja tu: kinachokalia mahali palepale pa kichocheo na kuondolewa kwa kuongeza kichocheo. Heksametonia haiko hivyo. Kipokezi cha nikotini ni mlango wa ayoni, na heksametonia huingia ndani ya mlango uliofunguka ikauziba kwa ndani. Kwa hiyo inaziba zaidi pale kichocheo kinapokuwa kingi, na inategemea umeme wa utando. Kuongeza kichocheo hakuiondoi, kunaipa milango zaidi ya kuingia. Mwinamo wa 0.6 ni kweli unayoambiwa na seli. Ripoti kizuizi chake kama asilimia kwa kila kipimo, usiripoti pA2, ile namba ya nguvu ya kizibo inayosomwa kwenye mchoro wa Schild.

Ukitaka mchoro wa Schild ulio safi kwa ajili ya tasnifu, hamia kwenye seli za tezi ya mate, tumia kabakoli na atropini, upime kalisi kwa fura-2, rangi inayong'aa kulingana na kalisi (mwanga wa nanomita 340 na 380, usome 510). Acha atropini ikae na seli dakika 30 kabla ya kichocheo. Tuseme bila atropini nusu ya mwitikio inapatikana kwa kabakoli ya mikromola 1. Atropini hushika muskarini kwa takriban nanomola 1, hivyo ukiweka nanomola 10 utahitaji kabakoli ya mikromola 11 kufikia nusu ileile. Uwiano ni 11. Toa 1, unabaki na 10. Logi yake ni 1. Fanya kwa nanomola 3, 10, 30 na 100 na nukta zitalala kwenye mstari wenye mwinamo wa 1, ukikata mhimili wa dozi ya kizibo karibu na 9, ambayo ndiyo pA2. Dakika 5 za kusubiri hazitoshi: atropini inashika na kuachia polepole, na utapata kilele cha mwitikio kimeshuka, ukadhani umegundua kizibo cha aina mpya.

La nne ni kipimo ambacho hukutaja, na bila hicho mtahini atakusumbua. Kila siku ya jaribio weka visima vya potasiamu kloridi milimola 50 hadi 59. Potasiamu inafungua milango ya kalisi bila kupitia kipokezi. Dawa yako ikipunguza mwitikio wa nikotini na kuacha wa potasiamu, inashika kipokezi. Ikipunguza vyote viwili, inaziba milango ya kalisi au inaumiza seli. Dawa nyingi zenye mafuta zikifika mikromola 100 hufanya hivyo, hata zile zinazojulikana kama vizibo safi.

Kuhusu mabadiliko ya kila siku, anzia machinjioni. Adrenali iwekwe kwenye barafu mara tu inapotolewa na ifike maabara ndani ya saa moja au mbili. Isafishwe kupitia mshipa wake kwa maji ya chumvi ya Locke yasiyo na kalisi mpaka yatoke bila damu, ndipo uingize kolajenasi, kimeng'enya cha kutenganisha seli, kwa nyuzi 37. Tezi iliyochanika kwa kisu haishiki maji ya shinikizo. Iache huko huko buchani. Kolajenasi hutofautiana kutoka chupa hadi chupa, na ikizidi inanyoa vipokezi kwenye utando. Seli mpya zipewe siku mbili hadi tatu kwenye sahani zijenge vipokezi upya kabla ya kuzijaribu. Ukipima siku ya kwanza, utakuwa unapima jinsi seli zilivyojeruhiwa.

Mbwa wangu anatapika kwa vidonda vya tumbo. Nimeambiwa famotidini na omeprazoli ni "kitu kimoja". Ni kweli? — Msomaji, Arusha

Hapana. Seli inayotoa asidi tumboni ina vipokezi vitatu vinavyoiamsha: cha histamini (H2), cha asetilikolini na cha gastrini. Famotidini inakalia H2 tu, viwili vilivyobaki vinaendelea kupiga kelele. Tena tumbo huizoea ndani ya siku kadhaa hadi wiki chache, nguvu yake ikapungua. Omeprazoli haikalii kipokezi chochote. Inaifunga pampu ya asidi yenyewe, mwisho wa njia zote tatu, ndiyo maana inakausha zaidi, ingawa inahitaji siku chache kufikia kilele. Vizibo vya H2 vilizaliwa kwenye kazi ya James Black na wenzake, iliyotangazwa mwaka 1972. Kwa mbwa wako muulize daktari kwanza kama anapewa dawa ya maumivu. Kama kidonda kinatoka huko, hakuna kizibo kitakachosaidia mpaka dawa hiyo isimame.

Rafiki ameniambia nimpe mbuzi wangu wa maziwa vidonge vya domperidoni aongeze maziwa, kwa sababu huku kwetu kina mama wengine hutumia. Itafaa? — Mfugaji, Mwanza

Tukueleze kwanza ulikotoka uvumi huo, maana haujatoka hewani. Tezi ya pituitari chini ya ubongo ina seli zinazotoa prolaktini, na seli hizo hukaa zimefungwa breki muda wote. Breki ni dopamini kutoka ubongoni, inayokalia vipokezi vya D2. Domperidoni ni kizibo cha D2: breki inaachia, prolaktini inapanda. Metoklopramidi inafanya vilevile.

Matumizi yanayoeleweka vizuri ni ya farasi huko Marekani. Kuna nyasi ya malisho, feskyu ndefu, yenye kuvu ndani yake inayotoa sumu inayofanana na dopamini. Farasi mwenye mimba akiila, D2 inawashwa kupita kiasi, prolaktini inatoweka, anazaa akiwa na chuchu kavu. Domperidoni ya miligramu 1.1 kwa kilo mara moja kwa siku, ikianza kabla ya kuzaa, inaikalia D2 na sumu inakosa nafasi. Dawa inafaa pale kwa sababu tatizo lenyewe liko kwenye kipokezi hicho.

Mbuzi wako hana tatizo hilo. Kwa wanyama wanaocheua, maziwa yakishaanza, wingi wake unashikiliwa zaidi na homoni ya ukuaji, lishe, maji na kukamuliwa mara kwa mara kuliko prolaktini. Utapandisha namba kwenye damu na ndoo ibaki vilevile, huku dawa ikiingia kwenye maziwa utakayowauzia watu. Kwa akina mama nako si jambo la kujiamulia: mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu kuitumia kuongeza maziwa, kwa sababu ya hatari ya moyo kwenda mrama. Pesa ya vidonge nunua pumba na chumvi ya kulamba, umkamue asubuhi na jioni kwa saa zisizobadilika, na umpime kiwele kama kina kidonda au uvimbe.